Punje Nyuma ya Kanga

Si kale sana, wala si jana ya mtu kuitwa kutoa ushahidi, palikuwa na nchi yenye amani kubwa. Amani yenyewe ilikuwa kubwa hata watu wakaisikia ikipita barabarani, wakafunga milango.

Jina la nchi hiyo silitaji. Ilikatazwa kulitaja bila kusimama wima, na mimi magoti yananisumbua. Nasimulia nikiwa nimekaa.

Kiongozi wetu aliitwa Mlezi wa Taifa. Hapo mwanzo tulikuwa tukimchagua kwa makaratasi na masanduku kama watu wa nchi nyingine, ila makaratasi yakaleta ubishi. Basi ikaundwa Wizara ya Marekebisho ya Uchaguzi, wakajazwa humo wasomi watupu, na wasomi wakafanya kazi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo marekebisho yao nayaeleza kama tulivyoelezwa redioni.

Kwanza walipunguza wagombea. Walisema mtu akiwekewa wengi anachanganyikiwa, na serikali haipendi kuona wananchi wake wamechanganyikiwa. Akabaki mmoja. Kisha wakaleta matokeo mbele. Zamani watu walipiga kura halafu wakakaa roho juu kungoja hesabu, wengine presha ikawapanda. Sasa matokeo yakawa yanatangazwa Ijumaa, na kura zinapigwa Jumapili baada ya ibada. Waziri wa Marekebisho, Mheshimiwa Daktari Balthazari, ambaye alizaliwa mtaani kwetu, alilia kwa furaha alipolieleza jambo hilo.

"Katika mataifa yaliyoachwa nyuma," alisema, "mpiga kura huingia chumbani kama kipofu, hajui nani ameshinda! Sisi tumemwashia taa!"

Tukapiga makofi kila mtu nyumbani kwake, maana ilisemekana redio nazo zinasikia.

Kwa kuwa jibu lilikwisha kutolewa, aliyekosea hakuitwa mpinzani. Aliitwa mwanafunzi mzito, akapelekwa Darasa la Marudio, kule kwenye ukuta mrefu wa njano karibu na machinjio. Mzee Pambe, fundi viatu, alikwenda huko. Siku ya kura alikuwa amevaa miwani ya marehemu kaka yake, na alama yake ikatua pembeni ya picha. Alirudi mvua za vuli zilipokatika. Alikuwa amenenepa, nguo safi, hana hata mkwaruzo. Lakini ukimuuliza, "Mzee Pambe, chai au uji?" alikutazama usoni akilitafuta jibu, na asipoliona machozi yalimtoka. Mwisho mkewe akaacha kumuuliza. Akawa anamsogezea kikombe tu, naye anakunywa huku akitikisa kichwa kukubali, na kikombe kikiisha anaendelea kutikisa.

Gari lililochukua watu liliitwa Gari la Utulivu. Lilikuwa na kipaza sauti juu, nalo lilipita taratibu likipiga wimbo wa kubembeleza watoto. Wanawake wa mtaani kwetu wakaacha kuwabembeleza watoto kwa kuimba. Tukawapigapiga mgongoni kimya kimya, nao wakajifunza kulala hivyo hivyo.

*

Sasa, pale Mtaa wa Kisiki tulikuwa na chama cha kuzikana. Si chama cha siasa, Mungu apishe mbali. Ni wanawake wa mtaa, na wanaume wachache walioachiwa nafasi na mama zao. Mtu akifiwa tunakwenda na turubai, masufuria na kuni, tunapika, wachimba kaburi wanakula, ndipo jembe la kwanza linapigwa. Kwetu maiti hainyanyuliwi kama chungu cha kwanza hakijaliwa. Marehemu mume wangu alizikwa na chama hicho, na nisingekuwa nacho sijui ningeshika wapi.

Tulikuwa na sheria mbili tulizorithi kwa bibi zetu. Ya kwanza: chungu cha msiba hakiwekwi motoni mpaka wanachama wote wametimia. Mgonjwa anatuma neno, lakini asiyetuma neno anangojwa, maana bibi zetu walikataa mtu kuzikwa na nusu ya mtaa. Ya pili: mwanachama akifa, nafasi yake inashikwa na mwanawe, na hatoki humo mpaka aseme kwa kinywa chake mbele yetu kwamba anatoka.

Msimamizi wa chama tulimwita Mama Mwiko, kwa kuwa ndiye anayeshika mwiko mkubwa. Kila mwaka baada ya mavuno tulimchagua. Inatundikwa kanga kwenye kamba, na nyuma yake vinawekwa vyungu viwili vyenye pumba ndani, kila kimoja kimefungwa kitambaa cha anayegombea. Unapewa punje ya hindi, unaingia nyuma ya kanga peke yako, unaitumbukiza unakotaka. Pumba zinaimeza, haisikiki hata ikianguka. Wote wakimaliza, tunamimina chungu kimoja kimoja kwenye ungo, tunapepeta mbele ya watu. Pumba zinaruka, punje zinabaki.

Mwaka huo nilishindana na Nyamizi, rafiki yangu tangu hatujaota meno ya ukubwani. Nyamizi alikuwa ameshika mwiko miaka mingi na alikuwa hodari, ila chumvi. Alipika kama mtu anayehifadhi samaki. Tulipopepeta, mimi nikawa na punje nyingi kumzidi.

Alinyanyuka, akafungua kitambaa chake kwenye mwiko, akanipa.

"Shika, Mama Yustina," alisema. "Na usije ukaogopa chumvi kwa sababu yangu. Chakula cha msiba hakitakiwi kuwa kama maji ya kuoshea miguu."

"Kaa chini, umeshindwa," akamtania Bi Tukupa, ambaye ulimi wake haukuwahi kuona likizo.

"Nimeshindwa, sijafa. Nipe sufuria nisugue."

Akainama akasugua masufuria, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya aliyeshindwa. Tukacheka, tukampigia makofi.

Ni yale makofi yaliyotuponza.

*

Afisa Utulivu wa kata, Bwana Tungaraza, alifika asubuhi yake. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonikausha mate.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia makofi jana. Sikuwa na taarifa ya makofi."

Nikamweleza kwamba tulikuwa tunachagua Mama Mwiko. Akatoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Sawa. Na matokeo yalitoka lini?"

"Baada ya kuhesabu."

"Baada?" Akaketi bila kukaribishwa. "Mama, mlihesabu kabla hamjalijua jibu?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana tulihesabu."

"Na wagombea walikuwa wawili. Wote hai?"

"Wote hai."

"Na huyu aliyekuwa na mwiko, alipoambiwa ameshindwa, akafanya nini? Alikimbilia nchi jirani?"

"Alisugua masufuria."

Nilimwona amebadilika rangi. Sikuelewa mara moja, maana mimi nilidhani mtu akitafutwa atakuwa aliyeshinda. Nililala nimevaa rozari shingoni, nimefunga kijibegi chenye sabuni na nguo ya kubadili, nikingoja wimbo wa watoto usimame mlangoni kwangu.

Ulikuja kweli, jua likiwa limekwisha kupanda. Ukapita mlangoni kwangu. Ukasimama kwa Nyamizi.

Bwana Tungaraza akasoma tangazo mbele ya mtaa mzima. Alisema kushinda si kosa, hata Mlezi wa Taifa hushinda. Kosa kubwa, lenye kuhatarisha misingi ya nchi, ni kuachia. "Mtu aliyekaa kwenye nafasi," alisoma, "akaambiwa atoke, akatoka, akabaki mtaani akicheka na kunywa chai na aliyemtoa, huyo anawafundisha wananchi kwamba jambo hilo linawezekana."

Kisha wakachukua mwiko, vyungu, ungo na ile kanga, wakavipakia kama vifaa vya uchaguzi haramu.

Nyamizi alikuwa ameshika ufagio. Alinitazama.

"Nifungie kuku wangu," akasema.

Wimbo ukaanza tena, gari likaondoka polepole, kama linalobembeleza mtoto mgonjwa. Nilitaka kupiga kelele. Nikaenda nikafunga kuku.

*

Toka siku hiyo mtaa ulishusha sauti. Watu walisalimiana kwa nyusi. Kila nilipopita pale ukuta wa njano nikienda kununua utumbo, nilitega sikio, nisisikie kitu ila ng'ombe wa machinjioni. Usiku niliomba kwa maneno yangu mwenyewe: Ee Mungu, usimrudishe akitikisa kichwa. Halafu naogopa tena, naona kama nimemwekea Mungu masharti. Naongeza: lakini mrudishe.

Bwana Tungaraza akaja tena na shikamoo yake.

"Mama, jambo hili ni dogo. Rafiki yako anatakiwa aseme tu kwamba aliibiwa. Akisema aliibiwa tutamwelewa, kila nchi ina wa namna hiyo. Lakini ameshupaa. Anasema alishindwa. Anasema hata yeye punje yake alikutumbukizia wewe, kwa sababu alikuwa amechoka mgongo."

Hilo sikulijua. Macho yakaniwasha.

"Na wewe," akaendelea, "unatakiwa useme redioni kwamba Mama Mwiko alijulikana tangu mwanzo, na punje zilikuwa za kumpongeza tu. Ukisema hivyo utakuwa Mama Mwiko wa Kudumu. Utapewa mwiko wenye nembo."

"Na Nyamizi?"

"Atabaki darasani mpaka afaulu. Wewe ndiye utakuwa salama."

Nikamwambia nitamuuliza Mungu kwanza.

"Mungu anajibu lini?"

"Hatangazi mapema, mwanangu."

Akaondoka bila kuaga, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku zangu zimekaribia.

*

Kabla hazijafika, akafa Bibi Hedwiga.

Bibi Hedwiga alikuwa mama mzazi wa Waziri Balthazari. Mwanawe alimjengea nyumba mjini, akakataa kuhamia. Alibaki Mtaa wa Kisiki, mwanachama wetu, na alipolala kitandani kwa muda mrefu ni Nyamizi aliyekuwa akimpelekea uji kila asubuhi, kwa sababu mwanawe alikuwa na kazi ya kuikomboa mioyo ya wananchi. Baada ya Nyamizi kuchukuliwa tulishika zamu wengine. Bibi alikuwa anauliza, "Yuko wapi yule wa chumvi?" Tunamwambia kasafiri. Alikufa akiwa hatuamini.

Serikali ikaleta msiba wake wenyewe. Ikaja turubai yenye nembo, ikaja hoteli nzima ya mjini na wapishi wenye kofia ndefu, wakaja waombolezaji wa wizara wamepangwa kwa vyeo, wa cheo kikubwa wakiruhusiwa kulia kwa sauti. Mlezi wa Taifa mwenyewe alitarajiwa alasiri. Chakula cha hoteli kikapakuliwa. Watu wa mtaa wakaketi mbele yake, mikono mapajani. Wachimba kaburi wakakaa juu ya majembe yao. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyekula pia.

Waziri alitoka ndani amevaa suti nyeusi, macho mekundu. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama nilivyomjua zamani, mtoto wa Hedwiga, yule aliyekuwa akiogopa bata.

"Kuna nini?" aliuliza. "Kwa nini hawachimbi?"

Bwana Tungaraza akamnong'oneza. Waziri akageuka.

"Mama Mwiko ni nani hapa?"

Ee Mungu wangu. Wenzangu waliinamisha vichwa ili njia ya kunifikia iwe wazi. Nikasimama, nimeshikilia rozari ndani ya mfuko wa gauni hata msalaba ukanichoma kiganja.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Pole kwa msiba."

"Asante. Pikeni."

"Hatuna mwiko, Mheshimiwa. Uko ofisini kwa Afisa. Na vyungu."

"Vitaletwa! Tungaraza!" Gari likatumwa.

Nilitamani niishie hapo. Ningeweza kuishia hapo. Ndivyo mwili wote ulivyoniambia. Lakini nikamwona Bi Tukupa, yule mwenye ulimi usiolala, amebana midomo akinitazama, na pembeni yake kuna pengo kwenye mkeka ambako Nyamizi huketi.

"Mheshimiwa, hata vikija, hatuwezi kuweka chungu motoni. Hatujatimia."

"Nani hayupo?"

Nikalitaja jina. Nililitaja kwa sauti ndogo, lakini palikuwa kimya, likafika.

Bwana Tungaraza akaruka. "Mheshimiwa, huyu anatumia maiti kufanya siasa!"

"Maiti hana kosa," nikasema. "Bibi tunampenda. Ni sheria ya chama, naye Bibi aliilinda maisha yake yote. Asiyetuma neno anangojwa."

"Sheria!" Waziri akacheka bila kucheka. "Mama Yustina, mimi hubadilisha katiba kabla ya kifungua kinywa. Sheria yenu inabadilishwaje?"

"Kwa punje."

"Basi ibadilisheni. Tungaraza, tangaza matokeo ili waanze kupiga."

"Punje hazitangaziki, Mheshimiwa," akadakia Bi Tukupa. "Ni kama ujauzito. Lazima ungoje."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajikoholesha haraka. Saa zilikuwa zinakwenda. Mlezi wa Taifa alikuwa njiani, na haikuwezekana akute wapishi wa kofia ndefu na jeneza lisilonyanyuliwa. Gari la Utulivu likarudi na vitu vyetu. Kila kimoja kilikuwa kimebandikwa karatasi ya onyo, hata pumba.

Tukatundika kanga. Tukaweka vyungu viwili. Chenye kaa la moto mbele yake: tupike bila Nyamizi. Chenye kikombe cha maji: tumngoje. Nikagawa punje. Nikafika kwa Waziri nikampa na yeye.

"Ya nini?"

"Nafasi ya mama yako. Sasa ni yako, mpaka utakaposema unatoka."

Akaitazama ile punje kiganjani kana kwamba itamuuma.

Niliogopa wenzangu kuliko nilivyomwogopa Afisa, na nasema kweli. Kila mwanamke pale alikuwa na mtoto, au mume, au kibanda cha kukaanga mihogo. Nani angemlaumu akiweka penye moto? Walikuwa wanaingia nyuma ya kanga wakitoka na nyuso zimefungwa kama makopo. Mke wa Mzee Pambe aliingia akakawia. Mimi nilipoingia, nikaona vidole vyangu havina nguvu ya kuachia punje, nikavifumbua kwa mkono wa pili.

Wa mwisho alikuwa Waziri. Alisimama mbele ya kanga.

"Nimeshinda au nimeshindwa?" akaniuliza polepole, asisikiwe.

"Sijui, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nenda tu. Sisi huwa tunaogopa hivyo hivyo."

Akaingia. Tuliiona kanga ikitikisika. Alikaa humo hata Bwana Tungaraza akaanza kuangalia saa, na alipotoka jasho lilikuwa limelowesha kola, akaenda moja kwa moja kukaa miguuni pa jeneza.

Nikamimina chungu cha moto kwenye ungo. Nikapepeta. Pumba zikaruka, zikawaangukia wapishi kwenye kofia. Nikapepeta tena. Nikainamisha ungo watu waone.

Hapakuwa na punje hata moja.

Watu walivuta pumzi kwa pamoja, halafu nikaona wameanza kuelewa, mmoja baada ya mwingine, na shingo zao zikageuka. Bwana Tungaraza alikuwa wa mwisho kuelewa. Kama chungu kile ni kitupu, basi punje zote ziko kwingine. Zote, na ya Waziri wa Marekebisho ya Uchaguzi ikiwa humo.

Afisa akamtazama Waziri. Waziri akautazama ungo.

"Huenda... pumba zimekula," akasema.

Nikamimina cha pili, nikapepeta kwa sababu ndiyo taratibu, na punje zikalala pale, za manjano, kama meno.

"Mleteni," Waziri akasema. Alisema kama mtoto aliyevunja kitu. "Alikuwa anamletea mama yangu uji. Mleteni."

*

Wimbo wa watoto ulikuja safari hii kwa kasi. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka mwanamke amenyolewa, gauni si lake, anatazama chini. Alikuwa anatikisa kichwa. Kidogo tu, lakini anatikisa.

Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye pengo lake la mkeka. Wanawake wakatuzunguka. Nikamwinamia.

"Nyamizi. Chai au uji?"

Akanitazama usoni. Alinitazama hivyo hivyo kama Mzee Pambe, akitafuta. Niliufanya uso wangu usiseme kitu chochote, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mke wa Mzee Pambe akajifunika macho kwa kanga. Kichwa cha Nyamizi kilitikisika, kikatikisika, kikapunguza mwendo, kikasimama.

"Chai," akasema. Akameza mate. "Na usitie sukari kama unavyotia chumvi. Mkono wako mgumu."

Nikalia mpaka nikaona aibu. Kisha nikashika mwiko, tukawasha moto.

Mlezi wa Taifa alikuta moshi, sahani na kaburi limechimbwa. Akatoa hotuba ndefu. Alisifu utulivu wa wananchi wa Kisiki, ambao, alisema, hawana haja ya kuchagua kwa sababu wameridhika. Akala sahani mbili, akauliza mpishi ni nani, na sote tukatazama chini. Chumvi ilikuwa imezidi. Nilikuwa nimemwachia Nyamizi sufuria moja.

*

Waziri Balthazari hakumaliza matanga. Redio ilisema amekwenda kujiendeleza kimasomo. Haikusema wapi, ila muuza utumbo aliliona gari likiingia pale kwenye ukuta wa njano, wimbo umepunguzwa sauti kwa heshima ya cheo chake. Wizara ikapata Waziri mpya, na wananchi wakajulishwa kwamba wamempenda.

Nasi tukarudi kwenye kushusha sauti. Kila gari likipunguza mwendo mlangoni, Nyamizi anashika ukuta. Mimi pia. Nilidhani ujasiri niliokuwa nimeombewa nimekwisha kuutumia wote pale kwenye ungo.

Asubuhi moja Bwana Tungaraza akabisha hodi. Hakuwa na kofia ya kazi. Viatu vyake vilikuwa na matope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama mkwe amefariki usiku. Alikuwa akikaa kwangu, hapa hapa Kisiki." Akajifuta shingo. "Naomba mwiko, mama. Wachimba kaburi wamekaa juu ya majembe."

Nilimpa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, maana marehemu alikuwa mtu wa watu. Lakini nilikwisha kuona mbele. Nilitamani sheria iwe nyingine. Nilitamani Mama Mwiko awe mwingine.

"Tutapika, mwanangu. Ila hatujatimia."

"Nani tena hayupo?"

"Balthazari wa Hedwiga. Ana nafasi ya mama yake. Hajatuambia kwamba anatoka."

Bwana Tungaraza akaegemea mwimo wa mlango. Akateleza taratibu mpaka akakaa kizingitini.

"Mama," alisema, "huyo siruhusiwi hata kulitaja jina lake. Nikimwombea, na mimi watanipeleka."

"Najua. Na mimi naogopa. Tutakwenda wote, mtaa mzima. Nimefunga kijibegi tangu ile mara ya kwanza, kina sabuni ya kutosha watu wawili." Nikamsogezea kigoda. "Lakini huwezi kusimama pale ukuta wa njano na tumbo tupu. Chai au uji?"

Akafungua kinywa. Akanitazama usoni, akatazama dirishani, akaitazama redio juu ya kabati.

Nilitaka kumsaidia. Nyamizi, aliyekuwa amechutama jikoni akipuliza kuni, akaniwahi.

"Mwache," akasema. "Maji hayajachemka."